Kichwa hiki kinakwenda wapi? Namna ya kukata nywele fupi kabisa

Mpwa wangu amefungua banda la kunyolea kule Sahare, hapahapa mjini Tanga. Siku mbili kabla hajafungua alipita kwangu na baiskeli yake, akaniamkia, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuanza kunihesabia alivyonunua: mashine tatu, kioo cha ukuta mzima, spika mbili. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza, "Akija mtu akakwambia fundi, nikate fupi kabisa, utaanzia wapi?"

Akacheka. "Hiyo mjomba ndiyo rahisi kuliko zote. Naweka namba moja, napitisha kama nafyeka nyasi."

Mimi nanyoa hapa Ngamiani tangu banda langu lilipokuwa mwavuli, kiti cha mbao na kipande cha kioo nilichokifunga kwa kamba kwenye shina la mkungu. Jibu lile liliniondolea usingizi. Basi haya nimemwandikia yeye, na wewe uliyenunua mashine ya kunyolea watoto uani kwako yatakufaa pia.

Nywele nyingi zina sitara. Ukikosea panki unachana, unapaka mafuta, mtu anaondoka na kosa lako limelala chini ya nywele nyingine. Ukikata zikabaki milimita tatu, pa kuficha hapapo. Kovu la utotoni litaonekana, bonde la fuvu litaonekana, na pale mkono wako uliposita pataonekana kuanzia Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini.

Kabla ya kuwasha mashine

Mteja akikaa, usimuulize namba ngapi, yaani namba ya kichana kinachovishwa mashine kupima urefu wa nywele zitakazobaki. Wengi hawazijui namba. Anasema "moja" kwa kuwa rafiki yake alisema moja. Muulize kichwa kinakwenda wapi. Akishakujibu, namba utaichagua wewe.

Mwanafunzi anakwenda kwa mwalimu wa zamu. Januari banda linajaa watoto na mama zao, na kila mama anataka hela yake idumu. Nywele zetu za kipilipili huota kiasi kisichofika sentimita moja kwa mwezi. Ukimkata mtoto namba 2, inayoacha milimita 6, baada ya wiki tatu mwalimu atapitisha vidole na nywele zitashikika. Mkate namba 1, ambayo ni milimita 3, kote sawasawa. Usimchonge paji, usimpige mstari, hata akikukonyeza kwenye kioo mama yake akiwa anaangalia simu. Shule nyingi hazitaki mapambo, na atakayerudishwa nyumbani ni yeye, wewe utakuwa umeshakula hela.

Kijana anayekwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, naye ni rahisi. Wanaomaliza kidato cha sita wakipangiwa Maramba au Mgambo wanakuja wakiwa na wasiwasi, wanataka niwakate kabla hawajakatwa huko. Namwambia natoa kichana kabisa, tumalize. Mtu anayejiandaa kulala bwenini na wenzake mamia, akiamshwa alfajiri kwa filimbi, nywele ni mzigo: zinakula sabuni, zinakaribisha chawa, zinachelewesha. Majeshi karibu yote duniani yaligundua hayo zamani. Wapo na mabinti wa JKT, lakini hao nitawarudia, kwa sababu wana fundi wao.

Mzee aliyeanza kupata upara ana aibu hata kama hasemi. Anakwambia "punguza tu pembeni." Usipunguze pembeni tu. Pembeni zikibaki ndefu kidogo, utosi unang'aa zaidi, kama kitumbua kilichokaa kwenye sahani ya manyoya. Shusha pembeni na nyuma hadi nusu, yaani milimita moja na nusu, ili zikaribiane na ngozi ya juu. Hapo upara unakuwa mtindo. Nimeona wazee wakivaa tena kofia zao kwa mkao wa upande, bila kuzikandamiza.

Kuna vichwa vinavyokwenda kwa Mungu. Mtoto wa siku saba analetwa kwa ajili ya akika, au wewe unaitwa nyumbani. Hapo mashine iache. Wembe mpya, maji ya uvuguvugu, na mama mwenyewe amshike kichwa. Utosi wa mtoto bado ni laini na unapigapiga. Pitia pale kwa mkono usio na uzito wowote, na kama mkono wako unatetemeka siku hiyo, sema ukweli, aitwe mwingine. Nywele wasizitupe, wengi huzipima uzito na kutoa sadaka ya fedha kwa uzito huo.

Mwezi wa Dhul-Hijja usishangae banda kuwa tupu siku kumi za mwanzo. Wanaokusudia kuchinja hawakati nywele wala kucha mpaka wachinje. Siku ya Idd mchana ndiyo utakayojuta kwa nini una mikono miwili tu. Na mahujaji wakirudi, utawatambua kwa vichwa: waliokwenda kunyoa kabisa na waliopunguza. Kunyoa kabisa kuna fadhila zaidi, Mtume aliwaombea walionyoa mara tatu na waliopunguza mara moja. Kwa hiyo haji akikaa kwako wiki tatu baada ya kurudi, nywele zimeota kama mchanga mweusi, usimkimbize kwenye mtindo. Muulize kwanza.

Hapohapo nikwambie kuhusu fedi, maana vijana wa Sahare watakudai hiyo. Pembeni ngozi tupu, juu nywele. Vijana wanaipenda, nami naikata, na inalipa. Lakini kuna Hadithi inayokataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu, Waarabu wanaita qazaa, na wazee wengi wa mji huu hawataki kuiona kwa wajukuu zao. Babu zetu walikuwa na denge, kunyoa kuzunguka kichwa na kuacha nywele utosini, kwa hiyo ubishi huu haukuanza jana. Mimi kwa mtoto wa madrasa namshusha kwa hatua ndogo: namba 1 pembeni, namba 2 juu. Kivuli kinakuwepo, ngozi haionekani, kijana anaridhika na babu yake hanifuati.

Wamasai wa mjini hapa, walinzi na wauza dawa, wengi huja kwa kipara. Kwao morani ndiye anayefuga nywele ndefu akazisuka, na akimaliza umorani mama yake humnyoa. Wanawake wao hunyoa tangu zamani. Kwa hiyo unapomnyoa Mmasai hujui lolote zaidi yake. Fanya haraka, ana lindo.

Wanawake na fundi wao

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vijana wa mashine mpya ndipo wanapoharibu.

Wanawake wanaokata fupi kabisa Tanga ni wengi kuliko unavyodhani, ila wako chini ya mitandio. Wapo waliochoka na gharama za kusuka. Wapo ambao dawa za kulainisha zimewakata nywele kati kati, au rasta za kuvuta zimewala paji hadi likabaki jeupe kama la mtu wa miaka sabini. Wapo mabinti wa JKT. Wapo wanaotaka tu, kama mwimbaji wa Benin, Angélique Kidjo, alivyotaka, na Lupita Nyong'o naye alipanda kuchukua Oscar mwaka 2014 nywele zake zikiwa fupi.

Mwanamke anayejistiri hawezi kukaa kwenye banda lako mlango wazi na wapita njia wanachungulia. Ndiyo maana dada yangu, mama yako wewe mpwa wangu, nilimfundisha mashine. Ananyoa uani kwake Makorora, nyuma ya kanga mbili zilizotundikwa kwenye kamba, na kwa mkato wa mwanamke ananishinda. Mwite aje akuonyeshe kabla hujagusa kichwa cha mwanamke yeyote.

Alichonifundisha mimi ni hiki: paji la mwanamke halichongwi. Mwanamume ukimkata fupi, unamwekea pembe mbele na mstari juu ya masikio, na uso wake unasimama. Ukimfanyia hivyo mwanamke, anatoka na uso wa askari. Mwache na mzunguko wake wa asili, vinywele vidogo vya kando ya masikio vibaki, na nyuma umalizie kwa kushuka taratibu bila kukata mstari. Tena anza juu kuliko anavyoomba. Akisema namba 1, anza na 4, ambayo ni milimita 13, ajitazame, ashuke 3, ajitazame. Dada yangu anasema wengi husimama kwenye 2, wanajishika kichwa na kucheka, na hapo ndipo anapozima mashine. Aliyeliwa paji na rasta asikubali kusukwa tena mpaka paji lirudi, na kama halirudi baada ya miezi aende kwa daktari wa ngozi. Dada husema hivyo hata kama ni kumfukuzia biashara jirani yake msusi.

Na kuna wagonjwa. Mtu anayetibiwa saratani kwa dawa za mishipani, nywele huanza kutoka baada ya wiki mbili au tatu hivi, zinabaki kwenye mto. Wengine wanaamua kuzitangulia. Huyu asiguswe na wembe hata mara moja. Ngozi yake ni nyepesi, damu yake inaweza kuchelewa kuganda, na kidonda kidogo kwake si kidogo. Mashine iliyosafishwa, kichana cha nusu, basi. Nenda kwake, usimwite kwako. Usichukue hela.

Mwenye ualbino umwachie nywele za kukinga ngozi, namba 3 au zaidi, na umkumbushe kofia. Akitaka kipara kwa sababu rafiki zake wote wana kipara, mkatalie. Jua la kaskazi halina urafiki na ngozi yake.

Sasa mashine

Nyingi ya mashine za waya zinazonguruma ni wajukuu wa ile ya Leo Wahl, Mmarekani wa mji wa Sterling, Illinois, aliyeomba hataza ya mashine yake ya umeme mwaka 1919. Ndani mna koili na sumaku vinavyovuta na kuachia meno kwa mdundo wa umeme wenyewe. Hili nililijua kwa hasara. Jamaa yangu aliniletea mashine kutoka Marekani, nzito, inang'aa, nikaichomeka mbele ya wateja wanne ili waone. Ikapiga kelele, ikatoa moshi, ikafa. Kule umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Hata ukiiwekea transfoma itagonga kama cherehani mbovu, kwa sababu mdundo wa umeme wao ni 60 kwa sekunde na wetu ni 50. Kuna skrubu ubavuni; izungushe polepole mpaka mlio utulie. Lakini bora ununue iliyotengenezewa umeme wetu, na moja ya chaji ya kukamilishia kichwa umeme ukikatika. Mtu aliyenyolewa nusu hana pa kwenda.

Meno ni mawili, lililotulia na linalotembea. Vijana siku hizi wanayalinganisha kabisa ili ikate hadi mzizi. Usifanye. Linalotembea libaki nyuma kwa unene wa ukucha, la sivyo litakula ngozi. Na kila baada ya kichwa cha tatu au cha nne, tone mbili za mafuta ya cherehani. Upepo wetu wa baharini una chumvi na unyevu, mashine isiyopakwa mafuta inashika kutu kabla ya masika kuisha. Meno yakipata moto yagusishe kwenye kiganja chako cha ndani kwanza. Ukiyaondoa haraka, jua na mteja yangemuunguza.

Mkono

Methali inasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hiyo ni methali ya enzi za wembe. Maji yanalainisha nywele kwa wembe, lakini mashine inataka kichwa kikavu. Nywele mbichi zinalala na kuganda kwenye meno, unadhani umekata, zinakauka zinasimama tena na kichwa kinakuwa na madoa. Kwa hiyo kama mtu ametoka kuogelea Raskazone, mwambie asubiri.

Chana kwanza kuelekea juu. Tazama na ushike. Pitisha vidole kichwa kizima kama anayetafuta mbegu kwenye unga: uvimbe, kovu, bonde, kipele, mapunye. Ukikuta duara lenye magamba na nywele zilizovunjika, hasa kwa mtoto, simama hapo. Hayo ni mapunye, yanaambukiza, na dawa yake ya kweli ni vidonge vya hospitali, kwa sababu fangasi amejificha ndani ya shina la unywele ambako mafuta ya kupaka hayamfikii. Mrudishe mtoto kwa upole, usimtangaze. Kovu kubwa ukiliona, mwonyeshe mwenyewe kwa kioo kidogo kabla ya kukata, umuulize kama anataka lionekane. Wapo wanaotaka.

Kisha anza na kichana kimoja juu ya unachokusudia. Pitisha kinyume cha zinakoota, kuanzia kisogo kwenda utosini, kichana kikiwa kimegusa ngozi muda wote. Usichote hewani. Utosini nywele zinazunguka, kwa hiyo huko zunguka nazo: toka mbele, toka kushoto, toka kulia, mpaka mlio wa mashine ubadilike, uwe mwembamba. Fundi mzuri anasikia kabla hajaona. Halafu weka kichana unachotaka na urudie njia zilezile. Geuza mteja atazame mlangoni, umwone kwa mwanga wa kutoka pembeni. Taa ya juu ya kioo inadanganya. Pale penye kivuli cheusi bado pana nywele.

Sikio likunje mbele kwa vidole viwili, usilivute. Ngozi ya kisogo ivute chini kwa dole gumba ili mikunjo ilale.

Mbele chonga kidogo, na ufuate mstari wa nywele zenyewe. Kuna vinyozi wanaochonga kila wiki na kila wiki wanasogea nyuma unene wa wembe, na baada ya mwaka mteja ana paji la profesa. Wao wanasema anazeeka.

Kisogo

Nina mteja mmoja, mvuvi, aliyekuwa akija kila Alhamisi kwa kipara cha wembe. Akaanza kupata vipele chini ya kisogo, pale kola inapogusa. Mimi nikaona ni uchafu wa nywele, nikazidi kupitisha karibu, nikavisawazisha hadi vikatoka damu, nikapaka spiriti, akasema "shh" na tukacheka. Wiki iliyofuata vikaongezeka, nami nikazidi. Hivyo hivyo karibu miaka miwili. Vikaungana vikawa vinundu vigumu kama kunde chini ya ngozi, na hapo nywele hazioti tena. Kosa ni langu. Unywele wetu umejipinda. Ukiukata chini ya ngozi, unapoota unarudi kujichoma ndani, mwili unauona kama mwiba, unavimba. Kila ninapovisawazisha naongeza miiba.

Leo nikiona vipele viwili tu kisogoni, wembe unakwenda kabatini. Kichana cha nusu, siku kumi na nne kabla ya kurudi, na asivae kola ya kusugua. Vikiwa vigumu aende hospitali. Yule mvuvi bado anakuja, tunanyoa nusu, na kofia yake sasa anaishusha nyuma mpaka inagusa shati. Hajawahi kuniambia kitu.

Usafi nitausema kifupi kwa sababu hauna mjadala. Wembe mmoja kichwa kimoja, ukimaliza uuvunje mbele ya mteja. Hasa msibani, familia ya bara inaponyoa wote siku ya kuondoa tanga, wembe mmoja ukipita vichwa saba. Kataa, peleka pakiti nzima. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili siku saba, juu ya chuma kilichokauka, hukioni. Meno ya mashine yapigwe brashi kwanza ndipo spiriti ya asilimia sabini, iachwe ikauke yenyewe. Spiriti juu ya nywele na mafuta haifanyi kitu. Taulo moja kwa watu wote ni uvivu.

Mwisho fagia kabla mteja mwingine hajakaa. Wapo watakaokuomba nywele zao, hasa wazee na kina mama, waende kuzifukia. Usiulize kwa nini na usitabasamu. Zikusanye zote, na zile zilizoangukia mabegani. Mimi naweka bahasha za karatasi kwenye droo tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, na kwako mpwa wangu nimekuachia hamsini kwa mama yako. Pitia uzichukue ukienda kumwomba akufundishe.